Marumaru zinawavunja nyonga wazazi wetu

Mhariri, naomba kanafasi nitoe dukuduku langu kuhusu hawa wazee wetu wanaoanguka majumbani, maana huku Mwanza ukipita mtaani hukosi kusikia bibi fulani kavunjika nyonga, ukiuliza ilikuwaje unajibiwa "aah, uzee tu". Mimi hilo silikubali. Uzee peke yake haumwangushi mtu, kinachomwangusha ni sakafu, giza, macho na wakati mwingine dawa anazomeza, na vingi kati ya hivyo vinarekebishika.

Nianze na sisi watoto. Siku hizi mtu akishika vijisenti anamkarabatia mama nyumba, anabandika marumaru zinazong'aa mpaka unajiona sura, bafuni nako hivyohivyo, picha zinarushwa kwenye grupu la familia watu wanapongeza weee. Sasa mama wa miaka 75 aliyezoea sakafu ya saruji anaingia kuoga na kandambili zimelika soli, povu la sabuni limetapakaa chini, na hana hata pa kushika, mnategemea nini hapo? Fundi wa kuchomelea yeyote anaweza kukukatia kipande cha bomba akakifunga ukutani pembeni ya choo na kingine pale pa kuogea, wala siyo kazi ya siku mbili, ila ndo hivyo hakipendezi kwenye picha. Na jamani kifungwe kwa boliti, siyo kile kifimbo cha kutundikia taulo, mzee akikidaka anaenda nacho chini.

Halafu dawa. Baadhi ya vidonge vya presha mtu akiinuka ghafla presha inashuka, kichwa kinazunguka, na za usingizi ndo usiseme. Kwa hiyo mzee akiamka usiku kwenda chooni akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu kidogo, ndo asimame, na taa iwepo, hata kale ka sola. Akiwa anayumba msimwachishe dawa kienyeji, mrudisheni kwa daktari azipitie, na macho yapimwe hukohuko, mtoto wa jicho anatolewa kwa operesheni. Wenye sukari nao wengine miguu ina ganzi, hajui hata kama kakanyaga waya au ndala ya mjukuu.

Kingine kinachoniudhi, mzee akidondoka mara moja basi familia nzima inamwambia "mama wewe kaa tu". Anakaa, misuli inalegea, siku akisimama anaanguka vibaya zaidi! Mwacheni atembee, ainuke na kukaa kwenye kiti mara kadhaa kwa siku, asimame mguu mmoja huku kashika meza na mtu yuko karibu, hayo ndo mazoezi yake.

Shirika la Afya Duniani linasema watu kama 684,000 wanakufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, kwa vifo vya ajali ni za barabarani tu ndo zinazidi, na wanaokufa zaidi ni wa zaidi ya miaka 60. Barabarani tumeweka matuta na matrafiki. Bafuni?

Mwisho nije kwenye milima yetu. Kule Bugarika, Isamilo, Mabatini juu, watu tumejenga kwenye miamba, njia ni ngazi za mawe, moja fupi moja inafika gotini, mvua ikinyesha zinateleza kama kambare. Bodaboda inaishia chini. Mzee akivunjika huko juu anashushwa na vijana wanne kwenye kiti cha plastiki huku analia kwa maumivu. Viongozi wa serikali za mtaa, mnatuchangisha hela za ulinzi na za taka na tunatoa, itisheni basi na mchango wa saruji tusawazishe hizo ngazi na kuweka bomba la kushikia upande mmoja, tuanze na zile zinazoshuka kwenye zahanati na sokoni kabla masika hayajafika.

Msomaji wako,
Mabatini, Mwanza