Jina la maji

Footscray, Melbourne
Jumapili jioni

Ndugu yangu,

Salaam sana. Ule ujumbe wako wa sauti, dakika kumi na moja nzima, nimeusikiliza mara mbili ndani ya treni, na nadhani abiria wenzangu walijua nagombezwa na mke. Kumbe ni wewe na Ihefu, timu yako ya Mbarali. Nimeamua kukujibu kwa barua, maana kwenye simu utanikatisha.

Pole, kaka. Najua mambo haya ni ya tangu 2024, timu ilipofungasha virago kwenda Singida, kisha ikaitwa Singida Black Stars. Najua pia wapo wanaokuambia uachane nayo, eti mpira siku hizi ni biashara. Mimi siwezi kukuambia hivyo. Ihefu ni jina la maji, la ile ardhioevu ya Usangu. Na bado nakumbuka tarehe 29 Novemba 2022, Yanga iliyokaa mechi 49 za ligi bila kufungwa ilipolala 2-1 pale kwenu, uwanja wa Highland Estate. Ulinipigia saa nane za usiku wa huku. Sikusikia hata neno moja, kelele tu na vuvuzela. Sasa wakuambie ukashangilie wapi?

Nina mtu nataka umjue. Hapa jirani yupo mzee mmoja, umri wake ni kama wa baba zetu, ana kitambi na bustani ya nyanya. Yeye ni shabiki wa timu ya Fitzroy. Mpira wao si huu wetu, ni ule wa yai, wanaupiga mguu na ngumi, na goli lina nguzo nne. Miaka miwili ya kwanza sikuelewa kitu. Lakini machungu ya shabiki hayahitaji mkalimani.

Mzee ni Fitzroy, marehemu mkewe alikuwa Footscray, timu ya mtaa huu. Mwanzoni mwa Oktoba 1989 wakubwa wa ligi ya mpira huo, mtendaji wao akiwa Ross Oakley, wakatangaza kwamba timu hizo mbili zimeunganishwa. Jina jipya: Fitzroy Bulldogs. Hakuna mwanachama aliyeulizwa. Sababu zilikuwepo, nisiwaonee. Footscray ilikuwa na madeni, na ligi ilikuwa inajitanua nje ya jimbo la Victoria na kuona kwamba Melbourne ina timu nyingi mno. South Melbourne walishapelekwa Sydney tangu 1982. Ila kwetu jambo la namna hii tunaliita ndoa ya mkeka, na hapa hata hao maharusi hawakuwa wamefumaniwa.

Nilimtania mzee kwamba ndoa ile ingewafaa nyumbani kwao, mume na mke hatimaye timu moja. Hakucheka. Akasema, "Ningeishangilia vipi timu ambayo mke wangu anaililia?"

Basi watu wa Footscray wakakataa. Mwanasheria Peter Gordon na wenzake wakaenda mahakamani, na aliyesimama kama mlalamikaji alikuwa mama mmoja, shabiki wa kawaida tu. Jaji akawapa wiki tatu. Deni la kupunguza lilikuwa kama dola milioni 1.5. Ndipo wakaanza kutembeza bakuli, kaka, bakuli kwelikweli: ndoo kwenye mataa ya barabarani, makopo mlango kwa mlango, watoto wakivunja vibubu vyao. Mtaa huu wakati ule ulikuwa wa watu wa viwandani na wahamiaji, pesa yenyewe ya mawazo. Jumapili tarehe 8 Oktoba wakajaa uwanjani kwao, Western Oval. Mke wa mzee alikuwemo na ndoo yake, na mtu wa kwanza kuitumbukizia noti alikuwa mumewe, wa Fitzroy, timu ambayo ndiyo ingebaki na jina. Pesa ikatimia. Footscray ikabaki.

Miaka saba baadaye zamu ikawa ya Fitzroy. Waliokuwa wanaidai ni kampuni ya bima ya Nauru, nchi ya kisiwa yenye kilomita za mraba 21 tu. Ukisikia mtu kafilisiwa na kisiwa, ndiye huyo. Katikati ya 1996 timu ikawekwa chini ya msimamizi wa madeni. Wao wenyewe walikuwa wanakaribia kuelewana na North Melbourne, majirani, ambako angalau shabiki angefika kwa tramu. Wenye ligi wakakataa, na tarehe 4 Julai wakapitisha iunganishwe na timu ya Brisbane, kaskazini huko. Wachezaji wanane tu wakachukuliwa. Mechi ya mwisho ilichezwa Perth tarehe 1 Septemba, kama kilomita 2,700 kutoka nyumbani, wakafungwa kwa tofauti ya pointi 86. Mzee aliitazama kwenye televisheni, mkewe pembeni, kimya. Chai ikapoa.

Mwaka huohuo ligi ilikuwa imeweka mezani dola milioni 6 kwa watakaokubali kuungana. Mahari hiyo. Timu za Melbourne na Hawthorn wakaitamani, wanachama wakaitwa kupiga kura mwezi Septemba. Kwenye mkutano wa Hawthorn, mchezaji wao wa zamani Don Scott akainyanyua jezi ya timu mpya, akabandua ule mwewe wa kifuani, nembo ya Hawthorn, na chini yake ikabaki jezi ya Melbourne. Sijui kama nimewahi kusikia hotuba bora kuliko hiyo. Hawthorn wakapiga kura ya hapana na ndoa ikavunjika. Ndiyo maana neno "kuunganisha" linanikera. Anayemeza naye anasema tumeungana.

Utaniuliza, mbona Brisbane ilibeba ubingwa 2001, 2002 na 2003 ikiwa na simba wa Fitzroy kifuani? Nilimuuliza mzee hilohilo, kwa ujinga wangu. Wapo rafiki zake waliosafiri, wakalia kwa furaha, na hawalaumu. Yeye alizima redio. Kasema hakuwahi kudai ubingwa. Timu yake ya mwisho kuchukua kombe ilikuwa 1944, amezaliwa baadaye, maisha yake yote alikuwa anafungwa tu na Jumamosi inayofuata anarudi palepale, mtu yuleyule pembeni yake, soseji ileile. Walichochukua ni ile Jumamosi. Nikakumbuka benchi lenu la mbao pale Ubaruku, na yule muuza karanga mliyekuwa mnamkopa.

Lakini sikiliza hili. Tangu 2009 Fitzroy inacheza tena, kwenye uwanja wake wa zamani wa Brunswick Street, ligi ya ridhaa. Nayo imerudi kwa kushikana mikono na timu iliyotokana na chuo kikuu, safari hii kwa kukubaliana wenyewe. Mzee alinipeleka mwezi jana. Mbwa wanakatiza uwanjani, kiingilio hakuna, na kulikuwa na wazee wengi wenye skafu zilizopauka. Timu ikapigwa vibaya. Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi.

Nilimhadithia habari zako. Akataka kujua Ihefu inatamkwaje, akajaribu mara nne, ya nne ikawa si mbaya. Halafu akaniuliza kama vijana wa pale bado wanacheza, na nani anafyeka nyasi. Nijibu hilo.

Na ile jezi yako ya siku ya Yanga usiigawe. Kama kuna nyingine mtaani, ninunulie, pesa nitatuma. Iwe kubwa, nimeshakuambia mzee ana kitambi.

Wasalimie wote nyumbani, mama hasa.

Ni mimi nduguyo.