Masahihisho ya hisabati yaandikwe kwa maneno

Ndugu Mhariri,

Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka hisabati huburuta mkia, na mjadala hurudi kwenye uhaba wa walimu na vitabu. Ni kweli tupu. Ila lipo jambo lisilosubiri bajeti: namna tunavyowafanyisha wanafunzi masahihisho. Mwalimu hukokotoa swali ubaoni, darasa likanakili, vema zikatiwa. Aliyekosa anabaki na jibu sahihi daftarini na kosa lilelile kichwani.

Tunashauri kabla mwalimu hajashika chaki, aliyekosa aandike sentensi tatu nne chini ya kazi yake: nilifanya nini, kwa nini niliona ni sawa, hatua ipi haikubaliki na nimejuaje. Kisha afanye swali jingine la aina hiyohiyo. Dakika saba za kipindi cha dakika 40 zinatosha.

Chukua mtoto aliyejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5. Mkasi mwekundu, yaani alama ya kukosa, haumwambii kitu. Lakini akiandika, "Nimejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili kwa sababu kwenye kuzidisha tunafanya hivyo," chanzo kimejianika: kanuni ya kuzidisha imehamia kwenye kujumlisha. Sasa aandike kipi kikubwa, 2/5 au 1/2. Ya kwanza ni 0.4, ya pili ni 0.5, ameongeza kitu kwenye nusu, nusu ikapungua! Akiligundua hilo kwa kalamu yake, KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kabisa inayogawanyika kwa asili zote mbili, hapa 6) inapata maana. Bila hivyo ni amri tu ya mwalimu. Hata anayeandika (x + 3)² = x² + 9 hujikamata mwenyewe akiweka 1 mahali pa x: upande mmoja 16, mwingine 10.

Zoezi hili huharibika kirahisi. Ukiuliza "Umejifunza nini leo?" darasa zima litaandika "Nimeelewa vizuri". Uliza hatua yenyewe: kwa nini tumegeuza asili kuwa 6? Ukitoa maksi, wataandika ya kukufurahisha, na wengine watanakili kwa jirani. Tahajia nayo iachwe, hili si somo la lugha. Asiyezoea kuandika apewe mwanzo wa sentensi: "Nilidhani … kwa sababu …"

Sekondari kuna mtego mwingine. Mwanafunzi akilazimishwa kujieleza kwa Kiingereza, utapata maneno mawili ya kukariri. Istilahi zibaki za Kiingereza kama zilivyo kwenye mtihani, lakini maelezo yawe kwa Kiswahili. Tunachotafuta hapa ni fikra.

Walimu watauliza, na wana haki: darasa la watoto 70 nani atasoma yote? Hakuna anayetakiwa kuyasoma yote kwa siku moja. Soma madaftari 14 kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kama robo saa hivi. Kosa linalojirudia kwenye matano au sita ndilo la kuanzia kipindi kinachofuata.

Ombi letu la mwisho ni kwa wathibiti ubora wa shule. Wakikuta kurasa za maelezo zisizo na vema wala maksi, wasimwandike mwalimu kuwa hasahihishi. Wasome kwanza kilichoandikwa, kisha waangalie kama swali la marudio lililo chini yake limepatikana.

Walimu wa hisabati,
Morogoro