Timu ya takataka ina wenyewe

Mhariri,

Wiki iliyopita nilikuwa napepeta mchele, redio imewashwa, nikamsikia mtangazaji mmoja kijana akisema KCCA, klabu ya soka ya mamlaka ya jiji la Kampala, ni timu ya ofisi, haina watu wake. Klabu ya Express ina watu wa Mengo, akasema, wale wa klabu ya Villa wamejaa nchi nzima, hawa wengine wana bajeti tu. Nikaweka ungo chini.

Timu hiyo, enzi hizo ikiitwa KCC, ilianzishwa mwaka 1963 na Samuel Wamala, mkuu wa kitengo cha maji taka katika baraza la jiji. Maji taka, Mhariri! Marehemu baba yangu alikuwa mzibua mitaro wa baraza hilo hilo. Sisi ni Wanubi. Katika kikosi chake cha kazi kulikuwa na Mlugbara, Wajaluo wawili, Mnyoro na Waganda, na huko shimoni walielewana kwa Kiswahili, kile chetu cha Kampala ambacho ndugu zetu wa Mombasa wakikisikia hucheka. Mtu akikuambia "vuta!" ukiwa umezama hadi kiunoni, huna muda wa kuuliza ngeli.

Siku ya mechi Nakivubo baba hakupita nyumbani. Mama alinituma na shati safi na kipande cha sabuni, nami nikamngoja nje ya uwanja, upande wa soko la Owino. Alivua gambuti, akanawa miguu kwa maji ya debe, akazifunga zile gambuti kwa kamba na kuzitundika begani, maana ukiziacha huzikuti. Harufu ilibaki. Tulipopanda kukaa, watu walitupisha wenyewe, tukapata nafasi nzuri kuliko waliofika saa sita. Mashabiki wa Express walibana pua na kutuita Kasasiro, yaani takataka. Baba alicheka na kuitikia kwa sauti kuliko wao. Mpaka leo mashabiki wanajiita Kasasiro Boys, na hakuna anayeona haya.

Mwaka 1978 timu hiyo ya takataka ilitwaa kombe la klabu la Afrika Mashariki na Kati. Mwaka huo huo Cranes, timu yetu ya taifa, walifika fainali ya Afrika kule Accra, wakafungwa na Ghana 2-0. Philip Omondi, mtoto wetu wa KCC, alipachika mabao matatu katika mashindano hayo, na hakuna aliyefunga zaidi yake. Jina lenyewe ni la Kijaluo. Sikumbuki mtu pale uwanjani akimuuliza kabila. Baba alimwita "kijana wetu", kana kwamba walichimba mtaro pamoja.

Leo uwanja wa timu pale Lugogo una jina lake. Nilikwenda na mjukuu wangu, ana miaka kumi na minne, anawajua wachezaji wote wa Arsenal hadi wa akiba. Nikamuuliza Omondi ni nani. Akasema, "Jaja, si ni jina la uwanja?" Sikumgombeza. Angejulia wapi? Redio yenyewe ndiyo hiyo.

Ombi langu kwa wenye timu ni dogo: pale langoni pawekwe kibao kinachosomeka, chenye jina la Omondi na mabao yake, na chini yake Samuel Wamala na neno maji taka, wasilifiche. Nakivubo nao, sasa kwa kuwa umejengwa upya na maduka yameuzunguka pande zote, wapate ukuta mmoja tu wa picha za zamani. Kiatu kimoja kinachouzwa pale chini kingelipia fremu kadhaa.

Na nanyi gazetini, kurasa za michezo Jumatatu ni Uingereza mwanzo hadi mwisho. Tupeni hata robo ukurasa. Picha ninayo: baba na wenzake sita kando ya shimo lililofunuliwa, mmoja ameshika mpira kwapani. Imepasuka pembeni kidogo. Nitaileta mwenyewe, lakini nitarudi nayo siku hiyo hiyo.

Mama Shamim,
Kibuli, Kampala