Bima ya afya kwa wote ianzie kwenye mkutano wa kijiji

Ndugu Mhariri,

Tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, Novemba 2023, ni vigumu kumpata mtu huku Kilimanjaro anayesema haitaki. Ila makofi ya mkutano wa hadhara hayanunui dawa. Sisi tuliohudumu kwenye kamati za zahanati tunaomba nafasi tueleze pale ambapo mwananchi anaweza kuisukuma sheria hii kwa mikono yake, na pale ambapo juhudi zake hupotea bure.

Tuanze na hesabu, maana ndiko mambo yalikoharibikia. Mfuko wa Afya ya Jamii, bima ya hiari iliyotangulia sheria hii, ulijaribiwa kwanza Igunga mwaka 1996, sheria yake ikatungwa 2001. Baadaye ulipoboreshwa, kaya ya watu 6 nje ya Dar es Salaam ililipa shilingi 30,000 kwa mwaka. Gawanya: shilingi 5,000 kwa kila mtu, mwaka mzima, humo humo kumwona daktari, vipimo na dawa. Fedha hiyo ni ndogo hata kama kila kaya ingejiunga, na kaya nyingi hazikujiunga. Waliowahi kadi walikuwa wenye mgonjwa wa sukari au presha ndani ya nyumba. Wazima walisubiri waumwe kwanza. Dawa zikakatika, waliolipa wakatumwa duka la dawa na fedha zao mkononi, mwaka ulipokwisha wakaacha kuhuisha kadi. Anayeacha mapema ni yule asiyeumwa, kwa hiyo mfuko unabaki na wagonjwa watupu. Ndiyo maana tunaafiki sheria mpya kumtaka kila mkazi ajiunge, ingawa neno "lazima" linawakera wengi, na wana haki ya kukereka kama rafu za zahanati ni tupu.

Kwa hiyo dawa. Hapa wananchi hulalamika kwa sauti kubwa na kuuliza maswali machache. Zahanati huagiza Bohari ya Dawa, ghala la dawa la serikali, kwa kutumia matumizi ya kipindi kilichopita, na kosa linaanzia kwenye hesabu ya matumizi hayo. Tuseme kipindi ni siku 60. Paracetamol zilizotolewa ni vidonge 2,000, lakini dawa iliisha siku ya 40 na siku 20 zilizobaki wagonjwa waliambiwa hakuna. Mganga akiandika matumizi ni 2,000, ataletewa dawa za kuisha tena siku ya 40. Hesabu sahihi ni 2,000 kugawanya kwa 40, kuzidisha kwa 60, yaani vidonge 3,000. Fomu ya ripoti na maombi ina safu ya siku ambazo dawa haikuwepo. Ikiachwa wazi, upungufu unajizaa wenyewe kila kipindi na hakuna aliyeiba kitu. Mjumbe wa kamati hahitaji kuwa mfamasia. Afungue leja, achague dawa tano zinazotumika sana, aulize kila moja ilikosekana siku ngapi, kisha alinganishe na fomu iliyotumwa.

Bohari ikikosa dawa, zahanati inaruhusiwa kununua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, baada ya kupata uthibitisho kwamba Bohari haina, na kwa idhini ya halmashauri. Bohari ina ofisi ya kanda hapa hapa Moshi, kwa hiyo umbali haupaswi kuwa kisingizio. Kinachochelewesha mara nyingi ni akaunti ya zahanati kuwa tupu, au idhini kukaa mezani kwa mtu. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wafadhili, huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inayopitisha matumizi. Kamati isiyokutana huchelewesha dawa zake yenyewe.

La pili ni orodha ya wasio na uwezo. Sheria inasema serikali itawagharamia, na imetaja vyanzo vya fedha, vikiwamo ushuru wa vinywaji baridi, vileo na vipodozi. Hiyo ni tofauti kubwa na misamaha tuliyoizoea: mzee wa miaka 60 asiye na kipato hutibiwa bila malipo, lakini zahanati hairudishiwi gharama, na dawa aliyopewa inatoka kwenye rafu ile ile ya wanaolipa. Sasa orodha ikikosewa, fedha zitamfuata mtu mwingine. Majina yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, jina moja moja, watu wapinge au waongeze. Yakipitishwa ofisini kwa mtendaji, jamaa za viongozi huwa wa kwanza. Na huku kwetu kuna mtego wa pekee: nyumba ya matofali, bati jipya, uzio mzuri, ndani bibi wa miaka 80 anayesubiri mtoto wa mjini akumbuke kutuma fedha. Anayeandikisha akiangalia paa atamwacha. Aulizwe nani alimlipia matibabu mara ya mwisho, na alilipiwa lini.

Watoto hao wa mjini nao wana nafasi yao. Desemba wote wako nyumbani, na huo ndio muda wa kuwabana wawalipie wazazi. Vyama vya msingi vya kahawa na vikoba vinaweza kuandikisha wanachama wote kwa mkupuo mmoja, wazima kwa wagonjwa, malipo ya kahawa yanapotoka. Kuandikisha mmoja mmoja mlangoni kunarudisha ugonjwa ule ule wa wazima kusubiri.

Kuhusu rufaa tuseme kwa kifupi. Kadi ya Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa iliishia hospitali ya rufaa ya mkoa, kwetu Mawenzi. Hospitali ya KCMC ni ya kanda, ngazi ya juu zaidi, kwa hiyo kadi haikufika huko. Wengi walipita zahanati bila barua ya rufaa, wakadaiwa fedha taslimu, wakasema bima ni utapeli. Tena hospitali nyingi za mkoa huu ni za makanisa, na kadi haifanyi kazi pasipo mkataba na hospitali husika. Kabla kijiji hakijaanza kukusanya mchango wowote, mwandikishaji alete orodha ya vituo vyenye mkataba, ibandikwe ukutani.

Mwisho kalenda, maana wengi huamka bajeti ikisomwa bungeni, wakati mlango umeshafungwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini zahanati huandaa mpango wake miezi mingi kabla, ukaingizwa kwenye mpango kabambe wa afya wa halmashauri. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ule wa kati ya Oktoba na Desemba ndio wenye uzito kwa afya. Mganga mfawidhi, ambaye ni katibu wa kamati, asome mapato, matumizi na siku ambazo kila dawa kuu ilikosekana. Kijiji kiamue vipaumbele viwili au vitatu, visizidi, kwa sababu orodha ya mambo kumi haisomwi na mtu. Muhtasari uandikwe idadi ya waliohudhuria, maazimio na nani atafuatilia, usainiwe na mwenyekiti na mtendaji, ugongwe mhuri. Nakala moja iende kwa diwani aifikishe Kamati ya Maendeleo ya Kata, nyingine kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ya tatu ibaki kwenye jalada la kamati. Ya kwa mganga mkuu ipelekwe kwa mkono na igongwe mhuri wa kupokelewa, maana zinazotumwa kwa kuombewa lifti zina tabia ya kutofika.

Wajumbe wa zamani wa kamati za zahanati,
Moshi Vijijini