Mzazi, usimwandikie mtoto jibu la kazi ya ziada

Mhariri,

Wazazi wengi hapa Nakuru siku hizi huketi na watoto wao jioni wakifanya kazi ya ziada, na hilo ni jambo la kupongezwa. Kinachonisikitisha ni madaftari yanayorudi darasani yakiwa na majibu ya mzazi, mengine yakiwa yamefuta jibu sahihi la mtoto.

Chukua swali hili la jiografia: ikiwa ni saa sita mchana Greenwich, longitudo ya 0°, ni saa ngapi Nakuru, longitudo ya 36° Mashariki? Mtoto anajua dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii moja kwa dakika 4. Anazidisha 36 kwa 4, anapata dakika 144, ambazo ni saa mbili na dakika 24. Nakuru iko mashariki, kwa hivyo anajumlisha: saa nane na dakika 24. Mzazi anajua kwamba Kenya imeitangulia Greenwich kwa saa tatu, basi anakata na kuandika saa tisa. Mtoto hakukosea. Swali linataka saa ya jua ya mahali penyewe, ilhali saa za ukutani Kenya nzima hufuata longitudo ya 45° Mashariki, na 45 mara 4 ni dakika 180. Mtoto aelezwe yote mawili.

Katika hesabu, gawanya 1,224 kwa 12. Wengi huandika 12. Wameigawa 12 ya kwanza wakapata 1, wakashusha 2, wakaona haitoshi, wakashusha 4 papo hapo bila kuandika 0. Usimtajie 102. Mwambie azidishe jibu lake kwa 12. Akipata 144 atashtuka mwenyewe, kisha mrudishe pale aliposhusha 2 na umwachie kalamu.

Kwa Kiswahili, anayeandika "maufunguo" apewe kwanza neno alilozoea: ukuta umebomoka, kuta zimebomoka. Ufunguo ataumaliza mwenyewe.

Swali la sayansi kuhusu kinachohitajika ili maharagwe yaote hujibiwa "udongo na jua" karibu kila mwaka. Yanayohitajika ni maji, hewa na joto. Weka mbegu juu ya pamba yenye unyevu ndani ya mkebe, ufungie kabatini penye giza. Nyingine ziweke juu ya pamba kavu. Baada ya siku chache zile za unyevu zitatoa mzizi gizani, bila udongo. Pamba isijae maji, maana mbegu itakosa hewa na kuoza.

Na mkikwama, andikeni pembeni hatua yenyewe: "amekwama aliposhusha 2." Walimu wenzangu nao, tuweke alama kwenye hatua iliyoharibika, badala ya kuchora mkasi juu ya swali zima.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Nakuru