Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Dalia Zetu na Ghala la Viazi

Ndugu wanachama, wazee wetu, na vijana mliojiunga mwaka huu,

Nawasalimu na kuwashukuru kwa kazi. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya viazi vya dalia, yaani mizizi minene ya maua yetu inayopandwa tena, maana hasara yetu kubwa ilitoka huko.

Maua yenyewe yalitupa raha. Waliokata ncha ya mche ulipofikisha jozi tatu au nne za majani walipata matawi mengi na vikonyo virefu vinavyopendwa harusini. Waliochelewa kusimika vijiti, mvua ya Aprili iliwalazia mimea chini.

Vitabu vingi vya dalia vimeandikiwa watu wa Ulaya na Marekani, ambako viazi huchimbwa kabla jalidi haijavigandisha ardhini. Kwetu Kabale, Uganda, adui ni maji. Dalia ni mmea wa nyanda za juu za Meksiko na Amerika ya Kati, na kiazi ndicho akiba yake ya kuvukia ukame. Ukikiacha katika udongo mzito wa bondeni hadi mvua za Septemba zikikute, kinaoza, na kilichosalia kinaliwa na fuko. Ndiyo maana nasisitiza tuchimbe Juni na Julai, kiangazi kikiwa kimeshika.

Sisi tuliozoea viazi ulaya tuwe waangalifu hapa. Kiazi ulaya kina macho mwili mzima, cha dalia hakina. Macho yake yako juu, pale shingo inapoungana na shina, vinundu vidogo vyenye wekundu ambavyo mara nyingi huonekana vizuri baada ya wiki kadhaa ghalani. Kiazi kilichovunjika shingo, au kilichokatwa bila kipande cha shina chenye jicho, hakichipui hata kikiwa kinene namna gani. Nimeona watu wakiuziwa viazi vya namna hiyo sokoni, na inaniuma. Basi chimbeni kwa uma, mbali na shina, na msivute shina kwa nguvu.

Baada ya kuchimba, vianikeni kivulini hadi udongo ukauke, kisha vipangeni kwenye kreti zenye maranda makavu. Kila baada ya wiki mbili vikagueni: kinachobonyea kwa ulaini kitolewe mara moja, kinachoanza kusinyaa kinyunyiziwe maji kidogo sana. Mmea ulio na majani yenye mabaka ya manjano na uliodumaa una virusi, uchomwe pamoja na viazi vyake. Najua ni vigumu kuchoma ua zuri, lakini wadudu wadogo waitwao vidukari watahamishia ugonjwa shamba zima.

Wenzetu wa Kampala wamelalamika kuwa viazi vyao vinasinyaa au kuchipua mapema kwa sababu ya joto. Baridi ya usiku wa Kabale inatusaidia, kwa hiyo kamati inapendekeza wavilete katika ghala la chama, kila fungu likiwa na jina la mwenyewe na rangi ya ua, yameandikwa kwa penseli. Naomba mlijadili pendekezo hili na kulipigia kura leo, ili kreti zinunuliwe kabla ya Juni.