Ukinitaka nirudishe funguo leo, unilipe hadi notisi iishe

Mhariri,

Kwa miaka minne nimekuwa karani wa stoo katika duka moja la jumla la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru. Tarehe 3 mwezi uliopita nilimpelekea mkubwa wangu barua ya kuacha kazi, notisi ya siku 28, kama sheria inavyomtaka anayelipwa kwa mwezi. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja mara mbili, akasema, "Sawa. Acha funguo hapo kwa kaunta." Kufika saa sita nilikuwa ndani ya matatu ya Kaptembwa, nimepakata githeri yangu ya mchana ambayo hata sikuwa nimeifunua.

Mwisho wa mwezi simu ikalia: pesa za siku tatu. Nilipouliza, nikajibiwa, "Si ni wewe uliacha kazi?"

Wengi wetu hunyamazishwa na swali hilo. Lakini mimi sikuacha kazi tarehe 3. Niliandika kwamba naacha tarehe 31. Aliyezifuta hizo siku 28 ni yeye, na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 38, inasema hivi: mfanyakazi akitoa notisi, kisha mwajiri akamwondolea yote au sehemu yake, mwajiri atamlipa mshahara wa siku ambazo hakuzitumikia, isipokuwa wawe wamekubaliana vinginevyo.

Ajabu ni kwamba kifungu cha 36, kinachomtaka anayeondoka bila notisi alipie siku hizo, waajiri wanakijua kama namba zao za simu. Kijana wa kupakia mizigo alipotoweka ghafla mwaka jana, pesa zake zilizuiliwa siku hiyo hiyo, na kifungu akatajiwa. Kumbe kurasa za sheria zinasomwa, ila nyingine zinarukwa.

Simlaumu kwa kuchukua funguo. Karani wa stoo anajua bei tunazouziwa saruji na mabati, anajua nani anakopeshwa na nani halipi. Tena, nikiri tu, naelekea kwa mshindani wake, mtaa wa pili kutoka hapo. Ningekuwa yeye, pengine nami ningetaka niondoke mapema. Ila hofu ni yake, basi na gharama yake isiwe yangu. Kodi ya nyumba haijui nilitolewa kazini tarehe ngapi.

Ujanja wenyewe uko kwenye yale maneno "wawe wamekubaliana vinginevyo." Nilipokwenda kuchukua cheti changu cha utumishi, nilikuta karatasi imeshachapishwa: nimepokea haki zangu zote na sina dai lolote. Kalamu imewekwa juu yake. Karani wa ofisi, dada mpole ambaye hana kosa, akaninong'oneza kwamba wote hutia sahihi, ndipo wapewe cheti. Nani kasema? Cheti ni haki ya kila aliyefanya kazi kuanzia wiki nne, kifungu cha 51, na hakinunuliwi kwa sahihi. Hata siku zangu za likizo ambazo sikuchukua hazikutajwa popote.

Sikutia sahihi. Niliomba kubaki na hiyo karatasi, nao wakanipa, labda kwa kudhani nakwenda kuifikiria. Jumatatu naipeleka ofisi ya leba, pamoja na kopi ya notisi yangu. Nashukuru niliigongesha muhuri wao wa kupokea, tarehe 3, kabla sijaachilia funguo.

Karani wa stoo,
Nakuru